Mlio wa Printa ya Koridoni

9 Januari

Mwanangu Mbishi,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana najua shikamoo yako iko njiani, na posta ya siku hizi haina haraka na mtu. Huku tu wazima. Baba yako amemaliza kuezeka upya banda la nyuma. Aliteleza kwenye ngazi, akainuka akisema hakuanguka bali aliruka. Kifundo cha mguu kimevimba, lakini fahari haina hata mkwaruzo. Ukijiuliza ulikoirithi tabia yako, usiende mbali.

Ile simu uliyoninunulia nimempa jirani wa mlango wa kijani. Usinune. Nilikuwa naisahau hapa na pale, na kila aliyenikosa alinilaumu kana kwamba nimemtukana. Sasa wote wananikosa kwa usawa. Ukiwa na neno, liandike. Nimekuwa mpigachapa tangu hujazaliwa; neno lililo kwenye karatasi nalishika, lile la hewani siku hizi linanipita.

Sasa la ofisini, ambalo ndilo lililonikalisha chini leo. Wakili amenunua printa mpya, kubwa kama kabati la vyombo, ameiweka mwisho wa korido karibu na ngazi ili vyumba vyote viitumie kupitia mtandao. Ile ndogo iliyokuwa mezani kwangu imeondolewa siku hiyo hiyo. Niliipenda ile mashine. Nikiweka kiganja juu ya meza nilijua imeanza, nilijua imekwama, nilijua imemaliza, wala sikulazimika kuinua macho. Sasa meza imekuwa ubao tu.

Kompyuta za vyumba vingine zinaipata printa hiyo. Ya kwangu, hii uliyoiwekea mfumo wa Linux mwaka jana ukaniapia kwamba haitazeeka, haiioni kabisa. Nikitaka kuchapa kiapo cha mteja nakihamisha kwa flashi, naenda chumba cha karani wa hesabu kuomba kiti kama mgeni. Wakili amevumilia. Jana alikuja akasimama mbele ya meza yangu, akasema kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha: mpaka mwisho wa Machi kompyuta yangu iwe inachapa. La sivyo ataajiri mpigachapa kijana aje na mashine nyingine, nami atanihamishia meza ya mbele, mapokezi, nipokee simu.

Mwanangu, meza ya simu sikai. Nitaacha kazi kwanza, na nikiacha kazi hii sijui nitakuwa nani. Niandikie hatua za kufuata kama unavyomwandikia mtu asiye na wa kumuuliza. Kompyuta yangu haina mtandao wa nje. Wakili haruhusu kwa ajili ya siri za wateja, kwa hiyo usiniambie utaingia humo kutoka huko uliko. Wala yeye usimpigie.

Tarishi wetu amesimama mlangoni na mfuko wa barua, ananitazama kama mtu aliyeniita. Naishia hapa.

Shangazi yako


27 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo, hata kama umeiitikia kabla haijazaliwa. Mimi ni mzima. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta, na kazi yangu katika maktaba ya chuo inanilisha, ingawa mkuu wangu ni mtu anayeamini kwamba kitabu kikishafungwa kimesomwa. Juzi tulibishana juu ya mpangilio wa rafu hadi akaniomba nikanywe maji. Mwambie Baba kwamba mtu aliyeruka hatui kwa ubavu.

Kuhusu simu, nimenuna, nawe ulijua nitanuna. Kabla hujaigawa nilipiga mara nyingi, ikaita mpaka ikachoka. Naongeza na jingine ambalo nimelibeba tangu Desemba. Siku nilipokuja kukuaga nilipiga hodi mlangoni kwako hadi jirani akachungulia. Nilikuona dirishani. Ulikuwa umenipa mgongo, unapiga pasi, taa inawaka. Hukugeuka. Nikachukua begi langu nikaenda stendi. Kama una kinyongo kwa sababu nilichagua kazi ya mbali, niheshimu kwa kuniambia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Mimi nausubiri huo mshindo, Shangazi; kimya nimekichoka.

Sasa printa. Niruhusu kwanza niitetee Linux, maana naona imeshtakiwa bila mtetezi ndani ya ofisi ya wakili. Haikuiona printa kwa sababu hakuna aliyeitambulisha. Hakuna haki ya kumlaumu mtu kwa kutomsalimu mgeni asiyejulishwa kwake. Kazi yetu ni kuwajulisha.

Nenda kwenye printa, ushikilie kitufe chenye alama ya i mpaka itoe ukurasa wa taarifa zake. Humo utaona anwani yake ya mtandao, namba nne zilizotengwa kwa nukta. Zinakili kwa uangalifu. Rudi kwenye kompyuta yako, fungua kivinjari, na mahali pa anwani andika localhost:631. Usishtuke, hutoki nje ya chumba, unazungumza na kompyuta yako mwenyewe. Nenda panapohusu usimamizi, uchague kuongeza printa. Itakudai jina na nywila. Ni zile unazoingilia asubuhi. Kwenye orodha ya njia za kuunganisha chagua iliyoandikwa IPP, uandike ile anwani ya printa, uipe jina lolote utakalo. Itakapouliza aina ya mashine, chagua ile isiyohitaji dereva, yaani programu ya kuiendesha. Mwisho tuma ukurasa wa majaribio.

Ukishautuma, tega sikio. Printa za aina hiyo hutoa mlio mfupi zikipokea kazi na mlio mrefu zikikwama. Niandikie umesikia upi, kwa kuwa kutoka huku mlio ndio kipimo changu.

Neno la mwisho, na hapa nakubishia waziwazi. Meza ya simu ina ubaya gani? Umeinama juu ya vitufe maisha yako yote, mgongo unakuuma, na sauti yako ni nzuri kuliko ya yeyote katika ofisi hiyo. Kuwa mlango wa ofisi si kushushwa cheo. Nionyeshe hoja yako, nami nitaipima kwa haki.

Mwanao asiyechoka kuuliza


14 Februari

Mwanangu,

Nimeuona mwandiko wako kwenye bahasha nikasahau kuvua koti. Kabla ya yote: imechapa. Nilifuata kila neno lako, nikakosea nukta moja, nikarudia, na nilipofika mwisho wa korido nikaukuta ukurasa umelala kwenye sinia, una moto bado. Niliushika kifuani mbele ya wateja wawili waliokuwa wakingoja. Tarishi akaniuliza kama ni cheti cha ndoa.

Huku nyumbani baba yako anatembea na fimbo na kukana kwamba ni fimbo. Anasema ni kipande cha mbao alichokuwa anakwenda nacho mahali. Jirani anakusalimu. Anasema simu uliyoninunulia ina picha safi.

Furaha ya printa ilidumu juma moja tu. Jumanne umeme ukakatika mji mzima, ukarudi mchana, na tangu hapo kompyuta yangu haijachapa. Natuma kazi, inaingia kwenye foleni, inakaa. Natuma tena, inakaa nyuma ya mwenzake. Vyumba vingine vinachapa kama kawaida, na hilo ndilo linaloniumiza, maana Wakili akipita anatazama kompyuta yangu, si printa. Kutwa natembea ile korido kwenda na kurudi. Nakwenda kutazama kama kitu kimetoka, nakuta sinia tupu, narudi. Nikikaa nawaza huenda kimetoka sasa, nainuka tena. Karani wa hesabu amesema kiatu changu kitalia kabla ya mwezi kwisha.

Umeuliza habari ya mlio. Mashine hii haina mlio. Ni bubu.

Habari ya Desemba tuiache, mwanangu. Sikuwa na kinyongo. Ni hilo tu naweza kukuandikia.

Hoja ya meza ya simu sina. Nimesema sikai.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu na sitajifanya kwamba ni posta. Barua yako ilikaa mezani kwangu siku kadhaa kabla sijapata moyo wa kuijibu. Mtu anapoambiwa “tuiache” na mtu aliyemlea, anajifunza kuacha, lakini hajifunzi siku hiyo hiyo. Kazini sote wazima. Mkuu wangu amekubali mpangilio wangu wa rafu na sasa anausimulia kama wake.

Nimeitafakari printa. Hoja yangu ni hii. Kila mashine ya namna hiyo hulia inapowashwa, na inapopokea kazi. Vitabu vyake vyote vinasema hivyo, nami nimevisoma. Ya kwenu hailii. Mashine iliyoumbwa kulia isipolia, kuna kiungo chake kilichokufa. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na tangu hapo haichapi kazi zako. Hitimisho liko wazi kama mchana: kibao cha umeme cha ndani kimeungua. Utaniambia vyumba vingine vinachapa. Mgonjwa wa moyo naye hutembea mpaka siku anayodondoka.

Kwa hiyo kompyuta yako haina hatia, wala wewe huna. Mwambie Wakili amwite fundi wa muuzaji, na umwambie sababu kama nilivyoieleza, bila kuyumba. Ukiisema kwa mashaka hawatakuamini.

Aidha, nimeanza kumwandikia Wakili mwenyewe, kwa heshima zote. Namweleza mambo mawili: kwamba mashine yake ina hitilafu, na kwamba kama bado anataka kukuhamishia mapokezi, familia yako inaona ni jambo jema. Hujanipa hoja hata moja ya kulipinga, nami siwezi kukubali kwamba shangazi yangu aumie mgongo kwa sababu ya ukaidi usio na jina. Nitaipeleka posta tarehe ishirini na tano. Una nafasi ya kunijibu kabla ya hapo.

Nakupenda hata ninapokubishia, na pengine ndipo zaidi.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Usiandike kwa Wakili. Nakuomba kabla ya salamu, nikiisha kukuomba ndipo nikusalimu. Kama umeiandika, usiipeleke. Kama kuna siku nilikunawisha uso, usiipeleke.

Baba yako hajambo. Fimbo ameikubali.

Fundi alikuja Jumatano. Nilikuwa nimemweleza Wakili kila kitu kama ulivyonifundisha, bila kuyumba: mashine hailii, kwa hiyo kibao kimeungua. Niliisema mbele ya karani wa hesabu na mbele ya Tarishi. Fundi akasikiliza, akakizima kisanduku chenye taa kinachounganisha vyumba vyetu kwa mtandao, akaizima printa, akaviwasha vyote. Tulikuwa tumeizunguka mashine kama watu walio kwenye mazishi. Nikaona taa ya kijani. Kisha nikaona Tarishi ameziba masikio kwa mzaha, karani anacheka, na wote wamegeuka kunitazama mimi. Fundi akaniuliza, nikalisoma swali lake usoni: huu ndio mlio usiokuwapo?

Nikasema labda umeanza leo.

Hayakuishia hapo. Nilirudi mezani kwangu nikaendelea na hati ya kesi ya kiwanja. Sikujua kwamba foleni yangu yote imefunguka. Kile kiapo nilichokuwa nimekituma na kukituma tena tangu Februari, kila siku nikidhani hakikufika, kilitoka chote, nakala juu ya nakala, sinia likajaa, karatasi zikamwagika kwenye ngazi. Kuinua macho namwona Wakili mbele yangu, na Tarishi nyuma yake amekumbatia mzigo wa karatasi kama mtu aliyebeba mtoto.

“Mama,” Wakili akasema, na akasogea karibu, “ile mashine imenguruma mpaka wateja wametoka nje kutazama. Wewe umekaa hapa. Hukusikia?”

Nikamwambia nilikuwa nimezama kazini. Alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. Akasema, bado kwa upole, kwamba huenda nimechoka, na kwamba meza ya mapokezi ina kiti kizuri.

Asubuhi iliyofuata umeme ulikatika tena, na kompyuta yangu haichapi tena. Fundi amekwisha kusema printa ni nzima, kwa hiyo sasa hatia ni ya kompyuta au ni yangu. Silali vizuri. Naota korido.

Najua unataka hoja. Sina cha kukupa. Niamini bila hoja mara hii moja, hata kama hukuumbwa hivyo.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii haiji kwa posta. Nimeikabidhi kwa dereva wa lori la vifurushi anayekuja huko, ili ikufikie kabla ya mwisho wa mwezi. Ndani ya bahasha kuna flashi, nitakueleza.

Barua ya Wakili nimeichana.

Jana nilizitandaza barua zako zote kitandani kuanzia ile ya Januari, nikazisoma kwa mpangilio, kama anavyosoma mtu asiye na shauri la kushinda. Kuna mambo niliyapita kwa haraka yangu. Nimeyaona sasa, na printa ni moja kati yake. Kwa hiyo nianze na printa.

Fundi alisema kweli: mashine ni nzima. Na kompyuta yako ni nzima. Namba uliyoiandika kwa agizo langu ndiyo iliyohama. Kile kisanduku chenye taa ndicho kinachogawa anwani kwa kila kifaa, na kinazigawa kama mwenye nyumba wa kulala wageni: umeme ukikatika wote wanatoka, ukirudi kila mmoja anapewa chumba kilicho wazi. Printa yako ilihamia chumba kingine, nasi tukawa tunabisha kwenye mlango wa zamani. Fundi alipozima na kuwasha, kwa bahati ikarudi chumba chake cha kwanza, ndiyo maana foleni yote ikapita. Vyumba vingine vya ofisi havikuathirika kwa kuwa kompyuta zao humtafuta mgeni kwa jina. Ya kwako niliiagiza imtafute kwa namba ya chumba. Nilizungumza juu ya kibao kilichoungua kwa ufasaha mwingi, na kosa lilikuwa hilo dogo, na lilikuwa langu.

Fanya hivi. Kwanza fungua tena localhost:631, uende kwenye foleni yako, ufute kazi zote zilizolala humo, zisije zikatoka kwa mkupuo. Kisha chapa ule ukurasa wa taarifa kwa kitufe cha i, uulinganishe na wa Februari kama ulibaki nao. Namba ya mwisho itakuwa tofauti. Kwenye kioo cha printa ingia mipangilio ya mtandao. Palipoandikwa kwamba anwani hutolewa yenyewe, ubadilishe uiweke kwa mkono, uache namba tatu za kwanza zilivyo, na mahali pa ya mwisho uandike ile niliyoiandika kwa wino mwekundu nyuma ya karatasi hii. Ni kubwa vya kutosha hivi kwamba hakuna kifaa kingine kitakachopewa. Kwa hiyo printa itakuwa na nyumba yake, haitalala kwa wageni tena. Mwisho rudi kwenye kompyuta, urekebishe anwani ya printa iwe hiyo hiyo, na kama foleni inaonyesha imesimamishwa, bonyeza iendelee.

Sasa flashi. Ndani yake kuna programu ndogo niliyoiandika mwenyewe usiku wa kuamkia leo. Iweke kwenye kompyuta yako na uifungue mara moja tu. Baadaye itaamka nayo kila asubuhi. Kazi yako ikitoka yote, skrini nzima itamulika nyeupe na katikati patatokea neno IMETOKA. Karatasi ikikwama au ikiisha, itakuwa nyekundu na kukuambia ni nini. Printa isipopatikana, itakuwa ya njano. Huhitaji kutembea kwenda kutazama. Huhitaji kitu kingine chochote ila kuwa umekaa mbele yake, kama ulivyozoea. Hapa maktaba hatupendi kelele, ndiyo maana niliwaza jambo kama hili; nimeona litafaa na ofisi ya wakili.

Nimefikiri pia juu ya ile meza yako ya zamani na kiganja chako. Mwanga si sawa na kiganja, najua. Ni kitu cha karibu zaidi nilichoweza kukitengeneza kutoka mbali.

Juu ya meza ya simu: umesema hukai. Sina hoja.

Kama nimekosea tena sitakuwa na siku za kukurekebishia. Ukiweza, jaribu kabla Wakili hajafika kazini, ili ukijikwaa ujikwae peke yako.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Salamu zangu zikukute mzima, na huyo mkuu wako naye, Mungu ampe kitabu kimoja akimalize. Baba yako amekwenda kuezeka banda la jirani. Amebeba ngazi kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine.

Dereva alifika tarehe thelathini, jioni; lori lake lilikuwa limeharibika njiani. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho. Niliamka mapema nikamkuta mlinzi bado amejifunika blanketi, nikaomba anifungulie. Nilifuta foleni. Nilichapa ukurasa wa taarifa, nikauweka kando ya ule wa Februari, ambao nilikuwa nao, mimi situpi karatasi. Namba ya mwisho ilikuwa tofauti, kama ulivyosema. Vidole vyangu vimechapa hati za watu kunyongana na kuoana bila kutikisika, lakini kwenye kile kioo cha printa nilibonyeza pasipotakiwa, nikarudi, nikabonyeza tena. Kisha nikaweka flashi yako.

Wakili alikuja na kijana mmoja aliyevaa tai. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Walisimama upande wa pili wa meza yangu. Wakili akaniomba nichape hati ya kesi ya kiwanja, yote. Nikaituma. Nikaweka mikono mapajani ili wasiione.

Hakuna aliyesema neno, au walisema. Mimi nilikuwa naitazama skrini tu. Ilikaa vilevile kwa muda mrefu, mwanangu, mrefu hivi kwamba nilianza kuifikiria ile njano, nikajiuliza nitauchukua mkoba wangu na mkono gani. Halafu chumba chote kikawa cheupe. Yule kijana alirudi nyuma hatua nzima. IMETOKA. Nikainuka, nikatembea ile korido taratibu, nikarudi na kurasa zote zimepangwa, nikazigonga mezani zikalingana, nikamkabidhi Wakili. Bado zilikuwa na moto.

Kijana alimuuliza Wakili jambo huku akionyesha kompyuta yangu. Wakili akanigeukia, akalirudia akinitazama: anataka kujua programu hiyo inapatikana wapi. Nikasema imeandikwa na mwanangu, haiuzwi. Kijana ameondoka. Meza yangu iko palepale. Jana umeme ulikatika, ukarudi, nikachapa.

Wakili hajui. Au anajua. Tangu siku ya karatasi kumwagika haniiti tena kutoka chumbani kwake. Anamtuma Tarishi, au anakuja mwenyewe anasimama palepale mbele ya meza. Siwezi kusema kama ni wema au ni uchunguzi. Naenda kazini kila asubuhi bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Wewe lakini unajua. Katika kila barua ulishikilia habari ya mlio. Katika hii ya mwisho hukuuliza. Nimeisoma mara ya kwanza nikitafuta swali hilo kwa hofu, na mara ya pili nikijua halimo, na mara ya tatu kwa ajili ya kulia kidogo, jambo ambalo usimwambie baba yako.

Sikio la kushoto lilitangulia, kama miaka miwili sasa. La kulia limekuwa likilifuata polepole, kama mtu anayezima taa chumba hadi chumba. Daktari amesema halitarudi. Wanaume nawasikia kidogo wakisimama karibu. Simu siisikii kabisa, ni upepo. Nimejifunza kusoma midomo kuliko nilivyowahi kusoma kitabu. Sikumwambia mtu. Mficha maradhi wahenga walikwisha kumsema, nami nilidhani nitawashinda wahenga kwa kuwa najua kuchapa haraka.

Wiki hii nitamwambia baba yako. Wakili nitamwambia siku nitakayochagua mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye meza hii, si ile.

Na ile siku ya Desemba. Nilikuwa napiga pasi shati lako, lile la mistari, nikijiuliza mbona unachelewa. Nililipiga pasi mpaka kola ikang'aa. Lipo kabatini.

Ukija likizo, mlango nitauacha wazi. Usipige hodi. Pita ndani, uje usimame mbele yangu, ndipo uniamkie.

Shangazi yako